Kupanda naweza, kushuka ndiko kunakonishinda

BARUA

Mzee wetu mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 39. Mwanzoni mwa mwaka huu tulikutana watu kumi na mmoja, walimu na jamaa zetu, tukakubaliana kwamba mwishoni mwa Agosti, shule zikishafungwa, tutakwenda Kisoro kupanda milima mitatu ya volkano iliyo mpakani mwetu, yaani Muhavura, Gahinga na Sabinyo, kila siku mlima mmoja, kwa siku tatu mfululizo. Watu wameahidi kuchangia fedha kwa kila kilele kitakachofikiwa, na fedha hizo zitajenga vyoo vya wasichana shuleni kwetu, kwa hiyo jambo lenyewe si la anasa.

Wazo hili alilileta kiongozi wetu, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tunamheshimu, baada ya kusoma habari za Waingereza wanaopanda milima mitatu ya kwao, Ben Nevis, Scafell Pike na Snowdon, ndani ya saa 24. Ratiba ya mazoezi aliitoa hukohuko kwenye intaneti kisha akaiongezea ukali wake: tunakimbia kilomita 10 kwenye lami siku tano kwa wiki, alfajiri, na kila mmoja anatuma muda wake katika kundi letu la WhatsApp. Wiki ya tatu goti langu la kulia lilianza kuuma mbele, chini ya pia ya goti, hasa ninaposhuka ngazi au ninaposimama baada ya kukaa muda mrefu nikisahihisha madaftari. Halijavimba, wala halijanikwamia. Nimekuwa nikimeza vidonge vya kutuliza maumivu kabla ya kukimbia, nami sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu.

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo la Desemba iliyopita, nilipopanda Muhavura pekee na mume wangu na shemeji yangu. Kupanda hakukunishinda. Nilifika kileleni, nikaliona lile ziwa dogo lililo ndani ya kreta, nikapiga picha. Kushuka ndiko kulikoniumbua. Baada ya muda wa saa moja magoti yalianza kutetemeka kama ya mtu mwenye homa, nikawa nashuka kwa upande kama kaa, na muda niliotumia kushuka ukakaribia ule wa kupanda. Kesho yake asubuhi, katika nyumba ya wageni tuliyolala, nilishuka ngazi kinyumenyume nikiwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na mhudumu aliyekuwa akipanda na birika la chai akasimama kunipisha bila kusema neno. Kucha za vidole gumba vya miguu zote mbili zilikuwa nyeusi, na baada ya wiki chache zikang'oka.

Sasa najiuliza: ikiwa mlima mmoja ulinifanya hivyo, itakuwaje siku ya pili na ya tatu? Mwenzetu mmoja ameshaandika kundini, bila kutaja jina, kwamba “mwenye miguu ya kioo asiwacheleweshe wengine,” na kiongozi amesema atakayebaki nyuma atarudi mwenyewe. Zimebaki wiki kumi na mbili. Je, niongeze mbio ili miguu ikomae, au nijitoe mapema kwa heshima?

Mimi mwanao,
Mwalimu wa Mbale

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Salamu yako imenifurahisha, maana huku Kampala nikiitikia marahaba mara mbili kwa mwezi nahesabu kwamba nimebahatika.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye zile ngazi za nyumba ya wageni. Mtu aliyefika kileleni Muhavura, mita 4,127, kisha akashindwa kushuka ngazi za nyumba kesho yake, hana upungufu wa pumzi, wala mbio za lami hazitamponya. Miguu yako haikuwa imefundishwa kushuka, na ratiba mnayoifuata haifundishi kushuka hata kidogo. Usijitoe, basi, lakini usiongeze mbio.

Nikueleze kinachotokea. Unapopanda, misuli ya mbele ya mapaja hujikunja ili kuusukuma mwili juu, na kazi hiyo inachosha moyo na mapafu kuliko inavyoumiza msuli wenyewe. Unaposhuka, misuli hiyohiyo inalazimika kurefuka huku imebeba uzito wako wote, kama breki ya lori linaloteremka, na kazi ya namna hiyo hukwangua nyuzi za msuli usioizoea. Maumivu yake hayaji papo hapo. Hupanda polepole, nayo hufikia kilele chake kati ya saa 24 na saa 72 baadaye, ndiyo maana ulilala ukiwa mchovu tu na ukaamka ukiwa kilema. Sasa pima saa hizo kwenye safari yenu: zinaangukia sawasawa siku ya pili na ya tatu. Milima hii mitatu ina takriban mita 4,000 za kupanda kwa jumla, na kila mita mtakayoipanda mtaishuka.

Habari njema ni kwamba msuli ni mwanafunzi hodari. Ukishaonja mteremko mrefu mara moja, hata kama umeumia, mteremko wa pili unaofuata ndani ya wiki chache huumiza kidogo sana kuliko wa kwanza. Ulipopanda Muhavura ulikuwa hujashuka mlima wowote kwa muda mrefu, bila shaka. Ulikwenda kwenye mtihani bila somo. Lakini kinga hiyo huisha usipoirudia, na kukimbia kwenye tambarare hakuirudii, kwa hiyo usitegemee ya Desemba.

Kuhusu ratiba ya Waingereza, simlaumu kiongozi wenu, kwani ni ratiba nzuri kwa milima yao. Ila chukua kalamu ujumlishe mwenyewe. Ben Nevis ina mita 1,345, Snowdon 1,085 na Scafell Pike 978. Ukiipandanisha yote mitatu, mmoja juu ya mwingine, utapata mita 3,408, nao mnara huo haufiki kilele cha Gahinga, mfupi kuliko yote katika safari yenu, wenye mita 3,474. Wale wanashindana na saa, usingizi na safari ya gari kati ya mlima na mlima, na hewa ya kwao haipungui kiasi cha kumsumbua mtu. Ninyi mtalala kitandani kila usiku, lakini mchana mtakuwa mahali ambapo hewa ni nyembamba, kwenye miinuko mirefu zaidi, siku baada ya siku. Jina la shughuli linafanana. Kazi yenyewe ni tofauti kabisa.

Sasa goti. Mimi si daktari, nami nakuomba uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya mwezi huu kwisha. Hapo Mbale kuna hospitali kubwa ya rufaa, huna haja ya kusafiri. Maumivu ya mbele ya goti yanayozidi kwenye ngazi na baada ya kukaa muda mrefu, bila uvimbe na bila goti kukwama, mara nyingi hutokana na mzigo ulioongezwa haraka kuliko misuli ya paja na nyonga ilivyoweza kuubeba. Kilomita 50 kwa wiki kwenye lami, kwa mtu ambaye hakuwa akikimbia, ni mzigo ulioongezwa haraka. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla ukiwa unatembea, hilo ni jambo jingine, na hapo mlima usubiri mpaka daktari aseme.

Vile vidonge uviache leo, na katika hili sitabembeleza. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huzima kengele na kuuacha moto, kwa hiyo unakimbia juu ya goti linalolalamika bila kulisikia. Na ukizimeza mlimani ukiwa umepungukiwa maji, zinayatia mafigo yako katika hatari. Nimekutana na vijana wenye afya tele wanaozitafuna kama karanga kwenye njia ya kwenda kileleni. Sijui nani aliwafundisha.

Wiki mbili za mwanzo, acha lami. Badala yake tafuta kidato kimoja cha ngazi, simama juu yake kwa mguu mmoja, kisha ushushe mguu wa pili taratibu hadi kisigino kiguse chini, ukihesabu moja mpaka nne kabla ya kugusa. Fanya mara kumi kila mguu, pumzika, urudie mara tatu, siku tatu kwa wiki. Ni zoezi la kuchosha macho ya mtazamaji, watoto wako watakucheka, lakini ni kushuka mlima kwa vipande vidogo. Goti likiuma kidogo na maumivu yakaisha kabla ya kesho asubuhi, endelea; yakibaki hadi kesho yake, tafuta kidato kifupi zaidi.

Halafu inua macho. Unaishi chini ya mlima Wanale, Mwalimu! Watu wa Kampala wanapanda na kushuka ngazi za maghorofa kwa sababu hawana kitu kama hicho, nawe unakipa mgongo kila alfajiri ukaifuate lami. Mbale mjini ni mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Wanale inapita mita 2,000, kwa hiyo hapo mlangoni pako una mteremko unaokaribia kabisa ule wa Gahinga. Kuanzia wiki ya tatu, panda kila Jumamosi kwa mwendo wa mazungumzo, yaani mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, kisha ushuke kana kwamba kushuka ndiko kulikokuleta. Anza na nusu ya njia. Mfuko mgongoni uwe na kilo mbili, na ukifika mwezi wa pili uwe na kilo tano au sita, ambazo ndizo utakazobeba Kisoro: maji, chakula, koti la mvua, sweta. Mvua kubwa ikinyesha usiku, subiri njia ikauke. Ninyi wa Bugisu hamhitaji mtu wa kuwafundisha habari za udongo unaoteleza, si baada ya maporomoko ya ardhi ya Bududa ya mwaka 2010.

Ukiwa njiani, watazame akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kichwani wakielekea sokoni. Hatua zao ni fupi, goti limelegea kidogo na halinyooki kamwe, mguu unatua chini ya kiuno wala hautangulii mbele, na kichwa hakiyumbi. Wewe ulishuka Muhavura, naamini, kwa hatua ndefu, ukitua kwa kisigino na goti lililonyooka, kila hatua ikawa nyundo. Kwa siku kadhaa jifunze kwa kuwafuata nyuma. Halafu chonga fimbo mbili, au ununue zile za kukunjwa ukizipata, kwa maana fimbo hupunguza mzigo wa magoti kwenye mteremko, ila nazo zinahitaji mazoea kabla ya siku yenyewe.

Kuanzia wiki ya sita ongeza Jumapili baada ya ibada, hata kama ni nusu ya njia. Mtu anayejiandaa kwa siku tatu mfululizo ni lazima ajue miguu yake inaamkaje kesho yake, na hakuna mbio zitakazomwambia. Wiki ya nane au ya tisa panda Wanale kikamilifu Jumamosi, na uipande tena kikamilifu Jumapili. Kisha Jumatatu asubuhi, pale shuleni, tafuta ngazi. Ukizishuka ukitazama mbele, hata kama unakunja uso, nenda Kisoro ukapande yote mitatu. Ukizishuka kinyumenyume kama Desemba, panda Gahinga siku ya kwanza, pumzika ya pili, upande Muhavura ya tatu, na Sabinyo uwaachie wengine. Vilele viwili vilivyochangiwa vitajenga ukuta zaidi kuliko vitatu ulivyoahidi ukabebwa kwenye machela. Siku kumi za mwisho punguza kila kitu na ulale.

Nimetaja mpangilio wa milima, na hapa ningependa barua hii isomwe na kiongozi wenu pia. Bila shaka amepanga kuanza na Muhavura “tukiwa na nguvu.” Wengi hupanga hivyo. Mimi ningeanza na Gahinga, nikafuata Sabinyo, nikamaliza na Muhavura, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, Gahinga ni mita 3,474, Sabinyo 3,669, Muhavura 4,127: mwili unapandishwa kwa vidato, na kila usiku unarudi kulala karibu na Kisoro, ambako ni chini ya mita 2,000 au juu yake kidogo. Pili, Sabinyo ndio mlima unaohitaji miguu inayotii. Jina lake linahusu meno ya mzee, kwa jinsi vilele vyake vilivyochongoka na kuachiana nafasi, na kati ya jino na jino kuna ngazi za miti zilizosimama wima juu ya makorongo, mara nyingi zikiwa zimelowa na kuvaa ukungu. Kwenye kilele cha tatu unasimama mahali ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana, na kila mtu anataka picha ya hapo. Mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza niligeukia kwenye kilele cha pili, kwa sababu paja la kushoto lilianza kurukaruka nikiwa katikati ya ngazi, na hadi leo nakumbuka harufu ya ule mti uliolowa, nilivyoukumbatia. Siku ya pili unaweza kuzimudu ngazi hizo. Siku ya tatu, baada ya Muhavura, sitaki kuona mtu hapo. Muhavura ni mrefu na mkali lakini njia yake ni ya kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, na mtu aliyechoka anaweza kugeuka popote.

Juu ya hewa nyembamba nitasema machache, kwa kuwa uliwahi kufika kileleni na hukulalamika. Kwenye mita 4,100 kila pumzi inakupa takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaipata akiwa ufukweni, na hakuna zoezi la Mbale linalobadilisha jambo hilo. Hata yule mkimbiaji bora wa kundi lenu anaweza kuumwa kichwa na kutapika wakati wewe unakula ndizi. Kichwa kikiuma kidogo, punguza mwendo, kunywa maji, ule. Kikizidi, au kichefuchefu kikikaza, shuka. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, akachanganyikiwa au akahema akiwa amekaa, anashushwa saa ileile, akitaka asitake, na mchango wa kilele usitajwe. Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo madaktari huwapa baadhi ya watu kwa ajili ya kujikinga, lakini ni ya kuulizia hospitalini, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Ukiwa hospitalini kwa ajili ya goti, omba pia damu ipimwe himoglobini. Mwanamke anayepata hedhi nzito, au aliyeugua malaria hivi karibuni, anaweza kuwa na upungufu wa damu bila kujua, kisha akajilaumu kuwa ni mvivu. Upungufu huo ukitibiwa mapema, wiki kumi na mbili zinatosha kuleta tofauti utakayoisikia miguuni.

Kuna baridi pia. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mkiondoka Kisoro asubuhi kukiwa na nyuzi 14, kileleni Muhavura ni karibu na barafu, na mwishoni mwa Agosti mvua za Septemba huwa zimeshaanza kubisha hodi. Fulana ya pamba iliyolowa jasho na mvua ni adui. Vaa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na sweta uifunge ndani ya mfuko wa plastiki ili uikute kavu. Chakula kiwe kile tumbo lako linachokijua, yaani viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu aina ya bogoya, karanga, roleksi, ile chapati ya mayai, iliyokunjwa tangu asubuhi, nacho ukile kabla ya njaa, maana huko juu hamu ya kula hupotea na mtu hujigundua ameishiwa nguvu akiwa bado yuko mbali.

Sasa nije kwa huyo wa “miguu ya kioo,” na kwa amri ya kurudi mwenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, ilipo milima hiyo, hakuna anayerudi mwenyewe. Kila kundi huongozwa na askari wa hifadhi, kwa kuwa kuna nyati na tembo, na kwa kuwa ukungu wa mchana humficha mtu aliye hatua ishirini mbele yako. Watu kumi na mmoja wenye mwendo tofauti waombe mapema viongozi wawili, ili kundi likigawanyika kila nusu iwe na wake. Mkubaliane pia, mkiwa bado Mbale na vichwa vikiwa baridi, saa ya kugeuka: kwa mfano, aliye popote ifikapo saa saba mchana anageuka, hata kama kilele anakiona. Kwa kawaida Muhavura na Sabinyo huchukua muda wa saa nane hivi kwenda na kurudi, na Gahinga sita, kwa hiyo anayeanza saa moja asubuhi ana nafasi ya kutosha na hana sababu ya kukimbizwa. Zaidi ya hayo, pale langoni mnaweza kuajiri wachukuzi, vijana wa vijiji vya jirani ambao ujira huo ni sehemu ya riziki yao. Mpe mmoja mfuko wako siku ya tatu, tena bila aibu. Magoti yako hayatauliza nani alibeba.

Mwambie kiongozi wenu habari ya goti, Mwalimu, tena wewe mwenyewe, kabla hajaipata kwa mtu mwingine. Mwandikie yeye peke yake, nje ya kundi: “Afande, goti langu la kulia linauma tangu wiki ya tatu. Nimeacha lami kwa ushauri, nafanya mazoezi ya kushuka Wanale, na wiki ya tisa nitakupa jibu kama nitapanda mitatu au miwili.” Mtu aliyewahi kuongoza askari anajua thamani ya taarifa ya mapema, na anajua kwamba anayeficha jeraha ndiye anayechelewesha safari ya wote. Ukipenda, mwalike Jumamosi moja mkashuke Wanale pamoja. Nina hamu ya kujua mapaja yake yatasemaje Jumatatu, baada ya kilomita zote hizo za lami.

Limebaki suala la safari ya basi na viatu. Kutoka Mbale hadi Kisoro ni takriban kilomita 700 kupitia Kampala. Msifike usiku mkaamkia mlimani na miguu iliyovimba kwa kukaa. Laleni Kisoro usiku mbili kabla ya Gahinga, na siku ya katikati mtembee polepole mjini au kando ya Ziwa Mutanda. Kucha zako zilikufa kwa sababu vidole vilikuwa vinagonga mbele ya kiatu kila hatua ya mteremko. Nunua viatu vinavyozidi mguu kwa upana wa kidole kimoja, uvijaribu jioni wakati miguu imevimba, ukiwa umevaa soksi zilezile za safari. Hata kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, vinapatikana vizuri kwa anayejua kutazama soli. Vivae Wanale kila wiki hadi visahau kuwa ni vipya. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, fungua kamba zote, gonga kisigino kirudi nyuma kabisa, kisha ukaze kwa nguvu pale kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Kucha zikate siku nne kabla ya kuondoka, wala si usiku wa kuamkia safari, maana kucha iliyokatwa jana huchoma nyama yake yenyewe.